Storeji ya mtumba kwenye duka la dawa: Proxmox, iSCSI na njia nne baada ya miezi 14

Nianze na jibu, kwa sababu najua wengine mnasoma haya mkiwa mmechuchumaa nyuma ya raki na simu ya tochi mdomoni: nimeridhika. Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitaeleza imeishia wapi, na nusu ya lawama ni yangu mwenyewe.

Mteja ni duka la jumla la dawa hapa Mwanza. Kaunta sita, stoo mbili, na programu ya mauzo inayokaa ndani ya Windows Server pamoja na hifadhidata yake. Kwa miaka mingi kila seva ilibeba diski zake tumboni. Seva ikiugua, akina dada wa kaunta wanarudi kwenye vitabu vya risiti na karatasi za kaboni, foleni inafika barabarani, na Mzee mwenye duka ananipigia: "Fundi, mashine imelala tena." Sentensi hiyo niliisikia mara nyingi mpaka nikawa naiota.

Wazo langu lilikuwa la kawaida. Seva mbili, data yote ikae pembeni kwenye storeji moja (sanduku la diski) yenye kontrola mbili zinazoziendesha, na katikati swichi mbili za 10G (gigabiti 10 kwa sekunde). Seva zinazifikia diski hizo kupitia mtandao, kwa utaratibu unaoitwa iSCSI. Seva moja ikizima, nyingine inabeba mashine pepe zake (kompyuta za kiprogramu zinazokaa ndani ya seva) na biashara inaendelea. Kwa upande wa programu nilichukua Proxmox VE, inayoendesha mashine pepe. Huko nyuma tulikuwa na VMware, ya kazi hiyohiyo, lakini baada ya Broadcom kuinunua Novemba 2023 na leseni za kudumu kusitishwa mwezi uliofuata, hesabu za duka la ukubwa huu zilibadilika. Proxmox unaipakua bure, na ukitaka msaada unalipia kwa idadi ya soketi za prosesa. Kwa kuwa kundi la seva mbili zikipotezana haliwezi kupiga kura ya nani abaki kazini likapata mshindi, kompyuta ndogo ya zamani iliyokuwa ikikusanya vumbi stoo nimeipa kazi ya kuwa kura ya tatu. Haifanyi kitu kingine chochote, na haijawahi kulalamika.

Storeji ni ya mtumba, kutoka Kariakoo. Chapa yake sitaitaja wala duka lililotuuzia, kwa sababu nitakayosema hapa chini yangeweza kunikuta na chapa yoyote. Ina diski 14 za SAS (aina ya diski za seva), mzunguko elfu 10 kwa dakika, TB 1.2 kila moja: 12 za kazi na 2 za akiba. Kila kontrola ina matundu mawili ya 10G. Kwa pesa tuliyotoa ungepata bodaboda mbili mpya, labda na chenji ya mafuta.

Vita ya kwanza ilikuwa ya RAID, yaani mtindo wa kupanga diski ili moja ikifa data isipotee, na ilipiganwa ofisini kwa Mzee juu ya kikokotoo. Diski 12 kwenye RAID 6 zinakupa TB 12. Kwenye RAID 10 zinakupa 7.2. Mzee aliona TB karibu tano zimeyeyuka na akaniuliza kama naziuza mahali. Nikamwekea hesabu nyingine. Diski moja ya aina hii inamudu kama maombi 140 madogo ya kusoma kwa sekunde, kwa hiyo 12 ni kama 1,680. Kwenye kuandika, RAID 10 inaandika kila kitu mara mbili, unabaki na 840. RAID 6 kila andiko dogo linageuka kuwa kazi sita, kusoma na kuandika, kwa hiyo unabaki na 280 hivi. Kaunta sita na hesabu ya stoo ya jioni zote zinaandika vitu vidogo vidogo. "Kwa hiyo unanunua mwendo kwa nafasi," akasema. Ndiyo, Mzee. Akakubali kwa shingo upande.

Tukafunga kila kitu Ijumaa usiku. Jumatatu mashine zikahamia storeji mpya. Jumanne akapiga simu: mashine haijalala, lakini inasinzia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kipimo. Kabla ya kuhamisha nilikuwa nimeendesha fio, programu ya kupima kasi ya diski, ikanipa GB 3.1 kwa sekunde, nikapiga picha ya skrini na kumtumia kila mtu. Waya mbili za 10G zikijaa pomoni zinabeba GB 2.5 kwa sekunde, hata kabla hujatoa nauli ya TCP (utaratibu wa kusafirisha data mtandaoni) na ya iSCSI. Namba yangu ilikuwa kubwa kuliko bomba lenyewe. Nilisahau kuweka `--direct=1`, kwa hiyo nilichokuwa napima ni RAM ya seva, ambayo ilikuwa imeshayameza mafaili yangu ya majaribio na kuyarudisha kwa haraka ya kupendeza. Nilipoiweka, GB 3.1 ikawa MB 190. Niliifuta ile picha, ingawa kijana ninayefanya naye kazi bado anayo na huitoa siku za sherehe.

MB 190 kutoka diski 12 na waya za 10G ni aibu. Watu wengi wakifika hapo wanaagiza SSD. Nilishaandika hata bei yake kwenye karatasi. Bahati nzuri Mzee alikuwa safarini.

Nikaanza na mtandao. Seva mbili na storeji zote nilikuwa nimeziwekea MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya baiti 9000, ili pakiti ziwe kubwa na prosesa isisumbuliwe kwa vipande vidogo. Kwenye swichi moja nilikuwa nimewasha pakiti kubwa. Kwenye ya pili nilikuwa na hakika nimewasha. Dalili ya kosa hili inachanganya: seva inaingia kwenye storeji bila shida, majina ya LUN (diski ambazo storeji inazitoa kwa seva) yanaonekana, kila kitu kijani, kisha ukianza kusoma faili kubwa njia ile inakwama, inakata, inaunganika tena. Kuingia kunatumia pakiti ndogo, nazo zinapita. Zile kubwa swichi inazitupa kimya kimya, haimwambii mtu.

"Kaka, pingi inaenda lakini data haiendi," kijana akaniambia. Pingi ya kawaida itaenda daima, maana ni baiti 56 tu. Inayosema ukweli ni hii: `ping -M do -s 8972` kuelekea kila anwani ya storeji, kutoka kila kadi ya mtandao. 8972 ni 9000 ukitoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP, itifaki ya pingi, na ile `do` inakataza pakiti isikatwe njiani. Kwenye njia zilizopita swichi ya pili haikurudi hata moja. Nikaenda kwenye swichi, nikaweka 9216, nikahifadhi usanidi (mara ya kwanza sikuhifadhi, umeme ukakatika, tukarudi mwanzo, nalieleza mara moja tu na halitarudiwa).

Kwa maoni yangu, kama swichi yako huiamini au iko chini ya mtu mwingine, baki na 1500 ya kawaida. Kadi za sasa zenyewe zinakata na kuunganisha pakiti bila kuisumbua sana prosesa, na faida ya 9000 kwetu ilikuwa ya asilimia chache. Hasara ya kuiweka nusunusu ndiyo ilikuwa kubwa.

Baada ya hapo tukafika MB 420. Afadhali, lakini bado. Hapa ndipo nilipokaa siku mbili, na ndipo penye kiini cha mapitio haya.

Kila seva ina kadi yenye matundu mawili. Tundu la kwanza liko kwenye mtandao wa 10.10.10, la pili 10.10.20, kila moja na swichi yake. Tafadhali msiweke matundu yote mawili kwenye mtandao mmoja wa anwani: Linux inaweza kujibu ARP (swali la mtandao la "anwani hii ni ya nani?") ya kadi hii kwa kutumia ile, na utadhani una njia mbili kumbe zote zinapita mlango mmoja. Na msifunge kadi mbili kuwa moja kwa LACP mkitegemea iSCSI itaongezeka maradufu, kwa sababu muunganiko mmoja wa TCP unabaki kwenye waya mmoja. Kazi ya kugawa mzigo mwachie maltipathi, programu ya kusimamia njia nyingi. Kila mtandao unafika kontrola zote mbili, kwa hiyo kila LUN seva inaiona mara nne: `sdb`, `sdc`, `sdd`, `sde`. Ni diski moja yenye milango minne. Maltipathi ndiye anayeziunganisha kuwa kifaa kimoja chini ya `/dev/mapper`, naye haji na Proxmox. Unamsakinisha mwenyewe kwa `apt install multipath-tools`.

Faili la `multipath.conf` nililinakili kutoka usanidi wa kazi nyingine niliyowahi kufanya, storeji tofauti kabisa. Lilikuwa limeandikwa `multibus`, maana yake njia zote nne ni sawa, zipigwe zamu kwa zamu. Inasikika kama haki. Lakini storeji hii ina kontrola mbili ambazo haziko sawa mbele ya LUN moja. Kila LUN ina kontrola yake inayoimiliki. Ombi likiingia kupitia kontrola ya pili, linapokelewa, linavushwa ndani kwa ndani mpaka kwa mwenye mali, linajibiwa, linarudi lilikopitia. Ni sawa na kupeleka hati ya dawa dirisha la malipo, karani akanyanyuka kwenda nayo dirisha la dawa, akarudi na boksi lako. Utahudumiwa, ila kila mtu nyuma yako anasubiri safari zake. Nusu ya maombi yetu yote yalikuwa yanazunguka hivyo.

Storeji yenyewe ilikuwa inatangaza wazi njia ipi ni bora na ipi ni ya dharura. Utaratibu huo unaitwa ALUA. Seva yangu tu ndiyo ilikuwa imeambiwa isisikilize. Nikabadilisha mistari mitatu: `path_grouping_policy` kuwa `group_by_prio`, `prio` kuwa `alua`, na `failback` kuwa `immediate`. Nikawasha upya huduma, nikaandika `multipath -ll`, na kwa mara ya kwanza nikaona makundi mawili badala ya moja: njia mbili zenye `prio=50` zikifanya kazi, na mbili zenye `prio=10` zimekaa benchi. Kisha nikagawa LUN mbili, moja imilikiwe na kontrola A, nyingine na B, ili kontrola zote zifanye kazi bila kupishana mlangoni.

Kusoma mfululizo kukaruka kutoka 420 hadi kama MB 1,300 kwa sekunde. Sikupiga picha ya skrini. Nilirudia mara tatu kwanza, na `--direct=1`.

Kama storeji yako ni ya chapa inayojulikana, maltipathi ana jedwali lake la ndani lenye mipangilio inayofaa, na huenda usihitaji kuandika chochote. Angalia hilo kwanza kabla ya kunakili faili la mtu. Lile langu lilikuwa linamzuia kufanya kazi ambayo angeifanya vizuri mwenyewe.

Kuandika bado kulikuwa kubovu. Maandishi madogo yalikuwa yanasubiri milisekunde 10 na zaidi kila moja, na kwa programu ya mauzo hiyo ndiyo pumzi yenyewe, kwa kuwa kila risiti inasubiri hifadhidata iseme imeandika. Safari hii seva hazikuwa na kosa. Ndani ya ukurasa wa usimamizi wa storeji, mahali ambapo mtu haingii mpaka awe na shida, nikakuta betri za kache zimekufa kontrola zote mbili. Betri ikiwa hai, kontrola inapokea andiko kwenye kumbukumbu yake na kujibu papo hapo "nimepokea", maana hata umeme ukikatika data haipotei. Betri ikifa, kontrola inaacha kuamini kumbukumbu yake na kusubiri diski izunguke. Inafanya vyema kuacha. Aliyetuuzia alikuwa ametuapia kwamba mzigo uko fiti. Nilipompigia alisema betri ni kama matairi, hazimo kwenye dhamana. Zikaagizwa, zikachukua wiki tatu. Zilipofungwa, muda wa kuandika ukashuka chini ya milisekunde moja, na dada wa kaunta namba mbili akaniuliza kama tumebadilisha kompyuta yake.

Kuhusu mashine pepe zenyewe nitapita haraka. Diski ziwe VirtIO SCSI (kiunganishi cha diski cha mashine pepe) za aina ya single, uwashe uzi wa pekee wa I/O kwa kila diski, kache iwe hakuna, na `discard` iwashwe ili nafasi iliyofutwa irudi. Windows itahitaji draiva zake za VirtIO kabla hujageuza diski ya kuwakia, la sivyo utaona skrini ya bluu na kunikumbuka. Na kwenye BIOS ya seva, toa mpangilio wa kubana umeme. Seva yetu ya pili ilikuwa nao, na maombi madogo yakawa yanachelewa kuliko kwa mwenzake bila sababu nyingine yoyote niliyoweza kuona.

Sasa nyota iliyokosekana.

LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski) juu ya iSCSI iliyoshirikiwa na seva mbili ni imara na rahisi kuelewa, lakini kwa muda mrefu haikukupa snapshoti za mashine pepe, yaani nakala ya hali ya mashine unayoweza kuirudia. Ukizoea kupiga snapshoti kabla ya kusasisha programu, utajisikia kama unaendesha bila mkanda. Toleo la 9 la Proxmox, lililotoka Agosti 2025, lilileta njia ya kufanya hivyo kwenye LVM ya aina hii, ila wenyewe waliitoa kama teknolojia ya kuonja. Kwa duka la dawa sionji. Tunategemea bekapu za usiku kwenda kwenye mashine nyingine kabisa, na kabla ya kusasisha kitu kikubwa napiga bekapu ya mkono na kusubiri.

Nusu iliyobaki ya nyota, ile yangu, ni muda. Ukivuta kebo ya njia moja, open-iscsi, programu ya iSCSI upande wa seva, kwa mpangilio inaokuja nao inachukua kama sekunde 10 kugundua kwamba mtu wa upande wa pili hajibu, kisha inasubiri sekunde 120 nyingine ikitumaini atarudi, ndipo imwambie maltipathi atumie njia nyingine. Kwa seva yenye njia moja hiyo ni subira nzuri. Kwa seva yenye njia nne ni ujinga, kwa sababu njia nyingine zipo na zimekaa bure. Nikashusha `replacement_timeout` hadi 15 kwenye `iscsid.conf`, nikawasha upya, nikavuta kebo, mashine zikaganda dakika mbili vilevile. Nilivuta nywele nusu siku. Faili lile linasomwa wakati storeji inagunduliwa kwa mara ya kwanza tu. Baada ya hapo kila njia ina rekodi yake, na ndiyo unayopaswa kuibadilisha kwa `iscsiadm -m node -o update`, kisha utoke na kuingia upya njia moja baada ya nyingine. Nilikuwa nalisoma kila siku na sikuwa nalijua.

Umeme nao una utaratibu wake. Ukikatika na UPS ikaisha, kisha ukarudi, kila kitu kinawaka kwa pamoja, na seva zinamaliza kabla ya storeji, ambayo inataka dakika kadhaa za kujikagua. Seva zinatafuta diski, hazioni, mashine pepe hazipandi. Proxmox ina sehemu ya kuchelewesha kuwasha mashine pepe, hadi sekunde 300. Nimeweka zote 300. Karatasi yenye mpangilio, swichi kwanza, storeji, kisha seva, imebandikwa kwenye mlango wa raki kwa wino mwekundu, maana mlinzi wa usiku ndiye anayekuwa pale.

Mzee aliporudi safari nilimwita chumba cha seva saa nne asubuhi, kaunta zikiwa zimejaa. Nikamwonyesha kebo za bluu na kumwambia achague moja avute. Aliniangalia kama nimeumwa. "Mwanangu, watu wako kwenye foleni." Nikamwambia avute tu. Akavuta kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mwiba, akakimbilia dirishani kuangalia kaunta. Kulikuwa na kigugumizi kifupi, pungufu ya nusu dakika, kisha printa za risiti zikaendelea kulia. Akarudi, akavuta ya pili kutoka seva nyingine bila kuambiwa. Ya tatu nilimshika mkono.

Wiki iliyopita mwenye duka la vipuri jirani yake aliniomba nimfungie kitu kama hiki, tayari ameshaona storeji Kariakoo na ametumiwa picha. Nimemwomba anitumie picha moja zaidi: ukurasa wa hali ya betri. Bado nasubiri.